Kudhibiti minyoo wasiotakiwa katika tangi la matumbawe

Mwenye tangi la matumbawe hawezi kuwakwepa minyoo. Jiwe hai likitolewa baharini na kuwekwa tangini huja na wakazi wake, na kila kipande cha tumbawe kinachonunuliwa huweza kuwa na mgeni aliyejibanza chini ya kitako chake. Wengi wa wageni hao hawana ubaya. Tena baadhi yao hufanya usafi ambao mwenye tangi angelazimika kuufanya kwa mikono yake. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta dawa, kaa mbele ya tangi usiku, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, ukiwa na tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu, uangalie nani anatoka na anakula nini.

Minyoo wanaoishi ndani ya vijibomba vidogo vyeupe vya chokaa vilivyojiviringa kwenye kioo, wale wenye shada la manyoya kichwani, na wale wanaotandaza nyuzi ndefu nyembamba juu ya mchanga waachwe walipo. Hata mnyoo mwenye vinyweleo, wa rangi ya kijivu au waridi, ambaye huwatisha wengi, kwa kawaida ni mfagiaji anayekula mabaki ya chakula na mizoga. Akionekana juu ya tumbawe linalooza, mara nyingi ameufuata uozo huo, hakuuleta yeye. Wakiongezeka kupita kiasi, sababu huwa ni chakula kingi kinachobaki chini. Punguza kulisha, kisha utege usiku: funga kipande cha nyama ya kamba wa baharini ndani ya soksi ya nailoni, ukiweke ndani ya kipande cha bomba la plastiki kando ya mawe, na ukitoe kabla ya mapambazuko. Usiwashike kwa mkono mtupu. Vinyweleo vyao huingia ngozini na kukatika humo, na mimi niliyejifanya hodari nililala na vidole vinavyowaka moto. Vinyweleo vilitoka kwa kubandika selotepu na kuibandua, na siki ikapunguza mwasho.

Wa kuogopwa katika kundi hilo ni Hermodice carunculata, mla matumbawe wa Bahari ya Atlantiki na Mediterania, anayetambulika kwa mashada ya matamvua mekundu kando ya vinyweleo vyeupe. Wengine ni jamaa wa Eunice, wenye vipapasio vitano kichwani na mwili unaong'aa rangi za upinde wa mvua, ambao hujificha ndani kabisa ya jiwe. Mwaka 2009, katika jumba la samaki la Blue Reef huko Newquay, Uingereza, wafanyakazi walikuwa wakikuta samaki wamejeruhiwa na matumbawe yamekatwa, na ilibidi wayabomoe mapambo ya tangi jiwe kwa jiwe ndipo wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Nawe fanya vivyo hivyo: tambua tundu analotokea, toa jiwe lote, uliweke kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyoongezwa chumvi nyingi, usubiri atoke mwenyewe. Usimvute akakatika, kwa maana kipande chenye kichwa kinaweza kuotesha mkia mpya.

Anayehitaji mpango wa siku nyingi ni mnyoo bapa mwekundu, Convolutriloba retrogemma. Ana rangi ya kutu, urefu wa milimita chache tu, na ncha tatu mwishoni mwa mwili. Hayali matumbawe. Hubeba mwani ndani ya mwili wake, naye hupata chakula kwa mwanga kama yalivyo matumbawe yenyewe, na ndiyo maana mchana hutanda juu ya kila kilicho wazi, akayafunika matumbawe yakakosa mwanga. Huzaliana kwa kuchipua: kichipukizi hujitokeza nyuma ya mwili, hukomaa, kisha hujitenga kikawa mnyoo kamili, bila kuhitaji mwenzi. Mmoja aliyesalia anatosha kuanzisha kizazi kipya.

Hatari yake kubwa, hata hivyo, hutokea anapokufa. Majimaji ya mwili wake yana sumu, na maelfu wakifa pamoja katika maji machache, samaki wanaweza kufa ndani ya saa hiyo hiyo. Ndiyo sababu kazi hii huanza kwa mpira mwembamba wa kunyonyea maji na si kwa chupa ya dawa. Kwa wiki mbili, kila siku mchana wakati wametanda kwenye mwanga, wanyonye na kuwapitisha kwenye mfuko wa kitambaa cha kuchujia, ili maji yarudi tangini na minyoo wabaki mfukoni. Ongeza pia nguvu ya mkondo wa maji, kwani hawapendi kupeperushwa. Usikimbilie dawa hadi kufikia hali ambayo unawatafuta kabla ya kuwaona.

Siku moja kabla ya dawa, andaa maji mapya ya chumvi yasiyopungua theluthi ya tangi, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi, pamoja na kaboni amilifu (mkaa maalumu wa kufyonza sumu majini) mpya iliyosuuzwa. Kokotoa ujazo halisi wa maji: tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300 likiwa tupu, lakini mawe na mchanga hupunguza kiasi hicho, na maji ya tangi la chini, lile la kuchujia lililounganishwa na tangi kuu, yaongezwe. Chota minyoo wachache katika kikombe cha maji ya tangi, uwatilie dawa kwa uwiano ule ule, uone kama wanakufa. Wasipokufa hapo, hawatakufa tangini pia. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe na ufuate kipimo cha kibandiko chake. Levamisole, dawa ya minyoo ya mifugo, huwaua minyoo hawa, lakini ile inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo mara nyingi huwa imechanganywa na oksiklozanaidi, dawa nyingine ya minyoo, na mchanganyiko huo haufai tangini. Shaba isitumike kamwe, kwa kuwa itaua konokono, kamba na matumbawe pamoja na minyoo.

Siku yenyewe, ondoa kaboni ya zamani na uzime kichujio cha povu (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), lakini acha pampu ziendelee kufanya kazi. Tia dawa, ushike mpira mkononi, na unyonye kila mnyoo anayeanza kulegea na kuelea. Baada ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko, au mara tu samaki wanapoanza kuhema juu ya maji, badilisha maji, weka kaboni mpya na uwashe kichujio. Rudia kazi hiyo baada ya wiki moja hata kama huoni mnyoo.

Wapo wanaopendelea kutumia maadui wa asili. Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo mwenye mistari sita ubavuni ambaye yupo hata katika miamba ya Afrika Mashariki, pengine huwadonoa minyoo hawa na pengine hata hawagusi, na akizoea tangi huwa mgomvi. Konokono asiye na gamba Chelidonura varians huwala kwa hakika, lakini hali kingine, hivyo akiwamaliza hufa njaa asipohamishwa.

Mnyoo bapa wa Acropora (jamii ya matumbawe yenye matawi), Amakusaplana acroporae, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2011, anahitaji njia nyingine, kwa sababu huyu hula tumbawe lenyewe na rangi yake hufanana nalo kiasi cha kutoonekana. Utaona alama za kung'atwa zenye umbo la duara, rangi iliyopauka, na mayai ya kahawia yaliyopangwa kwenye mifupa iliyo wazi karibu na kitako. Puliza maji kwa nguvu kwa bomba la sindano kubwa, akiwepo, atabanduka. Kuchovya tumbawe kwenye dawa huwaua wakubwa lakini si mayai, hivyo kata na utupe kitako chote chenye mayai, kisha chovya tena kila wiki kwa muda wa wiki sita, ukiziweka Acropora zote katika tangi la pembeni. Katika muda huo, mnyoo aliyebaki katika tangi kuu hukosa chakula. Tumbawe lolote jipya lipitie karantini hiyo hiyo, na kama mwishoni mwa wiki ya sita bado unaona alama mpya za kung'atwa, hesabu ya wiki ianze upya.