Inveta ya kuchaji bajaji bila waya: kupunguza hasara ya umeme kabla ya kununua transista mpya

Vijana wengi hapa Tanga wanaotaka kuchaji bajaji ya umeme bila waya huanza kwa kuulizia transista za silikoni kabaidi, aina ya bei ghali. Ziacheni kwanza. Inveta nyingi (saketi za kugeuza umeme wa DC kuwa AC) ninazoletewa Ngamiani zinachemka kwa sababu transista zinawashwa wakati mbaya, na hata ile ya bei mbaya ikiwashwa wakati huo itachemka tu.

Mfano wangu ni daraja kamili la transista nne (mbili kila mguu, moja juu na moja chini), koili mbili (ya chini ya inveta, ya juu ya bajaji), na kila koili ina kapasita yake mfululizo. Chanzo ni volti 60 DC, mzigo kama wati 600. Masafa ni kilohezi 85, yaliyowekwa na SAE J2954, kiwango cha kuchaji magari bila waya, ndani ya ukanda wa 79 hadi 90.

Hatua ya 1: Pima koili zikiwa mahali pake

Laza koili ya chini juu ya feraiti yake (bamba la sumaku linaloelekeza uga wa koili), ya juu iweke pale itakapokaa chini ya bajaji. Acha ncha za koili moja wazi, ndipo upime nyingine kwa mita ya LCR (inayopima koili na kapasita) kwenye kilohezi 100. Koili iliyopimwa peke yake mezani inadanganya, kwa kuwa feraiti na chuma cha bodi vinabadilisha thamani yake.

Waya wa kuungia nyumba haufai. Kwenye kilohezi 85 mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba ya kama milimita 0.23, ndani hakuna kitu. Tumia nyuzi nyembamba zilizosokotwa, kila uzi na vanishi yake.

Hatua ya 2: Chagua kapasita, na ya chini izidi kidogo

Koili zangu zote mbili ni maikrohenri 24. Kanuni ni C = 1/((2πf)²L), f ikiwa masafa na L thamani ya koili, inayotoa nanofaradi 146. Upande wa bajaji weka 146 hiyo. Upande wa inveta weka 150.

Hizo nanofaradi nne za ziada zinashusha mwangwi (masafa ambayo koili na kapasita zinafutana) wa upande wa chini hadi kilohezi 83.9, hivyo inveta inayoendeshwa kwa 85 inaona mzigo wenye tabia kidogo ya koili na mkondo unachelewa nyuma ya volti. Mkondo huo uliochelewa ndio unaoondoa chaji kwenye transista inayosubiri kuwashwa, nayo inawaka ikiwa na volti sifuri.

Nunua kapasita za filamu ya polipropilini, uunge kadhaa sambamba. Ampea 11 zikipita, kapasita inabeba karibu volti 140 ingawa chanzo ni cha 60. Na kama kibanda chako kiko Raskazone, karibu na bahari, paka bodi vanishi: unyevu wa chumvi hauna huruma na miguu ya kapasita.

Hatua ya 3: Washa ukiwa na kikomo cha mkondo

Anza na ampea 2 kwenye chanzo. Watu hudhani bajaji ikiondoka inveta inapumzika. Katika mpangilio huu ni kinyume: koili ya juu ikiondolewa, inveta inaona karibu shoti na mkondo unapanda. Saketi ya kukata mkondo iwepo kabla ya majaribio yoyote. Fyuzi peke yake inachelewa.

Hatua ya 4: Tazama osiloskopu

Hapa msiwe na haraka. Pima transista ya chini ya kila mguu, chaneli moja kwenye geti (pini ya kuiwashia), nyingine kwenye dreni (pini ya juu ya mkondo; ya chini ni sosi). Usipeleke kibano cha ardhi kwenye sosi ya transista ya juu, utaunguza kitu.

Volti ya dreni lazima ifike sifuri kabla geti haijaanza kupanda. Ikiwa dreni inashuka nusu halafu inakatika wima geti inapowaka, ongeza dedi taimu (muda ambao transista zote mbili za mguu zimezimwa), nanosekunde 20 kwa 20 kuanzia 150. Ikiwa inashuka, inagusa chini, kisha inainuka tena kabla ya geti, umezidisha: mkondo umeshageuka. Ikiwa hakuna dedi taimu inayosaidia, rudi hatua ya 2, uongeze nanofaradi chache.

Kwenye volti 60 kosa hili la kuwasha kabla ya sifuri halichomi kidole, ndiyo maana mafundi wanalipita. Nishati inayopotea inafuata mraba wa volti. Kwa kapasitansi ileile, ukienda volti 400 inakuwa karibu mara 44.

Ukitaka kupunguza nguvu, shusha volti ya DC inayoingia. Kucheza na pembe (tofauti ya wakati) kati ya miguu miwili ya daraja ni rahisi kwenye programu, ila mguu mmoja hupoteza ile sifuri uliyoihangaikia.

Hatua ya 5: Pima hasara kwa joto

Mita yenye kosa la asilimia 1 inakosea wati 6 kwenye 600, na hasara yote ya inveta huenda ni wati 10. Kuondoa nguvu inayotoka kwenye ile inayoingia hakutakupa jibu. Endesha inveta hadi joto la bamba la kupozea litulie, uliandike. Zima, toa kapasita kubwa za mlangoni pa DC, tenga koili, halafu pitisha DC kinyumenyume kwenye daraja, ipite diodi za ndani ya transista. Pandisha mkondo hadi bamba lifike joto lilelile, feni na chumba vikiwa vilevile. Volti mara ampea ndiyo hasara yako.

Hatua ya 6: Pima bajaji tupu na yenye abiria

Weka abiria watatu nyuma. Bajaji inalala, koili zinakaribiana, na upinzani ambao inveta inauona unapanda. Mkondo uliochelewa unapungua, na dreni iliyokuwa inafika sifuri bajaji ikiwa tupu inaweza kuanza kukatika wima. Kwa hiyo dedi taimu na kapasita zikamilishe ikiwa imeelemewa. Kisha washushe abiria, isogeze pembeni sentimita 5, uone mkondo unapanda kiasi gani. Hapo ndipo uweke kikomo cha saketi ya kukata.