Kuunganisha mixa na spika za mazoezi ya bendi

Angalia mgongo wa spika kwanza. Ikiwa ina tundu la stima, amplifaya imo ndani: toa kebo za XLR (zenye plagi ya duara ya pini tatu) kwenye MAIN OUT ya mixa, kushoto na kulia, uchomeke INPUT ya kila spika. Spika isiyo na tundu hilo hupitia amplifaya ya nje, kisha waya wa spika. Usitumie kebo ya gitaa hapo. Ni nyembamba, hupata moto na inaweza kuharibu amplifaya.

Washa mixa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume. Stima ikipotea, na Kisumu hupotea, zima spika papo hapo. Ikirudi zikiwa zimewashwa, kishindo chake kinaweza kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Mngurumo? Chomeka mixa na spika kwenye soketi moja. Kamwe usikate waya wa ardhi, utaua mtu. Mlio mkali ni maiki kuisikia spika: geuza mgongo wa maiki uelekee spika. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, husumbua zaidi kwa sababu sauti yake ni ndogo na watu hupandisha GAIN, yaani nguvu ya maiki kwenye mixa. Afadhali uisogeze maiki karibu, sentimita 10 hivi kutoka kwenye ngozi ya nyatiti.