Kufufua TV gemu ya kaseti ili Kontra iwe ile ile

Mteja mmoja alivuka kutoka Ukerewe na boksi la viatu lililofungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na TV gemu (ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV), pedi za kubonyezea moja na nusu (waya wa ile ya pili ulikuwa umeliwa na panya) na kaseti tatu za gemu, za njano. "Fundi," akaniambia, "gemu ya Kontra nimeipata kwenye simu, nimecheza wiki nzima. Siyo yenyewe." Nikamuuliza siyo yenyewe kivipi. Akawaza, akasema, "Mikono inakataa."

Nilimwelewa haraka, maana na mimi iliwahi kunitokea. Kazi yangu ni kutengeneza spika, redio na muziki wa gari, hapa Mwanza karibu na Mlango Mmoja, lakini kila mwaka ninaletewa TV gemu chache, na wanaozileta wote ni watu wazima wenye ndevu wanaoongea kwa sauti ya chini kama wanaficha kitu. Nimeamua kuandika utaratibu wangu wote hapa. Kinachowashinda wengi ni mapigo: muda kati ya kubonyeza na kuruka. Mikono yako ilijifunza mapigo fulani ukiwa na miaka tisa, na haijasahau. Kila hatua hapa chini ni ya kuyarudisha yale mapigo.

Hatua ya 1: Usiwashe

Najua utatamani. Mashine iliyokaa juu ya kabati miaka kumi na tano usiichomeke kwenye umeme kabla hujaifungua. Geuza, toa skrubu za chini (nyingine zinajificha chini ya miguu ya mpira), inua kifuniko taratibu kwa sababu nyaya za jeki ni fupi.

Utakuta mende. Huku kwetu kando ya ziwa lazima ukute mende, au angalau mayai yao. Sugua kwa mswaki mkavu wa zamani. Kisha tazama bodi: usishangae kuona ni ndogo kuliko kiganja, na katikati kuna tone jeusi kama lami. Hilo tone ndilo mashine yenyewe. Famicom, mashine halisi ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na chipu kadhaa. Hizi nakala tulizokulia nazo zilibananisha zote mahali pamoja, zikafunikwa na hilo tone. Likipasuka, hakuna fundi wa kukusaidia, tafuta mashine nyingine. Mengine yote yanatengenezeka.

Ukiona ukungu wa kijani kwenye miguu ya vifaa, ni unyevu. Futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke nusu saa.

Hatua ya 2: Adapta

Hapa ndipo mashine nyingi hufia, na yangu ya kwanza ilifia hapa. Muuzaji aliniambia "adapta ya volti tisa ni volti tisa, bosi." Nikachomeka, harufu ya plastiki, kwisha.

Volti zilikuwa sawa, tatizo lilikuwa ncha. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati ya pini. Famicom na nakala zake nyingi zinataka hasi katikati, lakini si zote, kwa hiyo tazama mchoro ulio chini ya mashine: duara na nukta, na alama za kujumlisha na kutoa. Kisha pima adapta. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu ndani ya tundu la pini, mweusi nje. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, katikati ni hasi.

Ndani kuna kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805. Kazi yake ni kushusha umeme unaoingia hadi volti 5, na ziada yote kinaitoa kama joto. Ndiyo maana TV gemu ilikuwa inachemka na mama anasema "izimeni hiyo, mtaunguza nyumba." Ukipima mguu wake wa kutokea na ukapata kama 5, endelea. Ukipata 3, badilisha; ni kifaa cha bei ya soda.

Hatua ya 3: Kaseti

Acha kupuliza. Sote tulipuliza, na ilionekana inafanya kazi, lakini kilichokuwa kinafanya kazi ni kuchomoa na kuchomeka upya: miguu ilikuwa inakaa vizuri mara ya pili. Mate yako yalikuwa yanaiozesha shaba.

Kaseti zetu zina miguu 60, mistari miwili ya 30 mbele na nyuma. Chukua raba nyeupe ya mwanafunzi, sugua kila upande kwa kufuata urefu wa mguu, usisugue kimshazari. Raba itakuwa nyeusi. Malizia kwa pamba na spiriti. Pamba ya tatu ikitoka nyeupe, imetosha. Kwenye tundu la mashine, funga kitambaa chembamba chenye spiriti kwenye kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda, ingiza na kutoa mara chache.

Zile kaseti zilizoandikwa gemu 9999999 ndani yake, tuseme ukweli leo: ni gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti, moja inaanzia hatua ya kwanza, nyingine ya tatu. Mimi na kaka yangu tulikuwa na daftari la kuorodhesha ili tuzimalize. Tulifika mia mbili na kitu.

Hatua ya 4: TV

Kama una haraka ruka hatua nyingine, hii usiruke.

TV bapa ya leo haionyeshi picha inapofika. Inaipokea kwa ule waya wa njano, inaibadilisha kuwa ya kidijitali, inaikuza ijaze kioo, inaipaka rangi, ndipo inakuonyesha. Yote hayo yanakula sehemu ndogo ya sekunde. Ukiangalia taarifa ya habari hutajua. Ukiwa na Mario ukingoni mwa shimo utajua, kwa sababu umebonyeza A kwa wakati na bado ameanguka. Watu wanasema "nimezeeka." Hujazeeka, TV imechelewa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta TV ya chogo. Zungukia meza za mafundi, ulizia waliobadilisha TV nyumbani. Mara nyingi mtu anakushukuru kwa kuiondoa sebuleni. Ijaribu kabla hujailipia: iwashe dakika ishirini nzima, tazama kama picha inasinyaa pembeni au rangi inakimbilia upande mmoja, na hakikisha ina matundu ya AV, la njano la picha na la nyeupe la sauti. Kuibeba tafuta mtu wa pili. Na tafadhali usiifungue mwenyewe: bomba la picha hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi mwenyewe nikiwa na chaguo naikwepa.

Ya pili, ukibaki na TV bapa, ingia kwenye menyu ya picha na uwashe hali ya gemu, kisha zima kila kitu kinachojisifu kulainisha au kung'arisha picha. Kama TV haina matundu ya AV utahitaji kibadilishi cha AV kwenda HDMI (lile tundu la TV za leo). Chenyewe kinaongeza ucheleweshaji kidogo, lakini kwa gemu za kutembea pole pole utavumilia.

Bunduki ya plastiki ya ile gemu ya kuwinda bata haitakubali kwenye TV bapa, hata uisafishe vipi. Siri yake ni hii: ukivuta, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu panatokea kisanduku cheupe alipo bata. Jicho lililo kwenye mtutu linasubiri kuona giza kisha mwanga, kwa wakati ule ule. Picha ikichelewa, jicho linaona giza tu, bata anaruka, mbwa anakucheka. Na ndiyo, aliyekuwa anailenga taa ya chumbani alikuwa anajaribu kuidanganya kwa njia yenye akili.

Hatua ya 5: Spidi

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo la yule mteja wangu. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani walitumia NTSC, karibu 60, na gemu zilitengenezwa kwa spidi hiyo. TV gemu zilizouzwa kwa TV za PAL zilizicheza polepole, spidi ikipungua kwa karibu moja ya sita. Sasa mtu anafungua Kontra kwenye simu, inakwenda 60, risasi zinamfikia kabla mikono yake haijazitegemea. Alichojifunza Nansio, kwao Ukerewe, kilikuwa 50.

Kwa hiyo mashine yako ya zamani ikiwa nzima, iache kama ilivyo. Ukitumia kompyuta, programu za kuigiza TV gemu kama FCEUX na Mesen zina sehemu ya kuchagua mfumo. Weka PAL au Dendy (mfumo wa nakala za Famicom za picha 50), halafu sikiliza muziki. Utajua papo hapo kama ndiyo ule wa kwenu. Kama unataka tu kuicheza kihalali bila kuhangaika na lehemu, Konami, kampuni iliyoitengeneza Kontra, walitoa mkusanyiko wa Contra (ndiyo Kontra yetu) mwaka 2019, unapatikana pia kwa kompyuta.

Hatua ya 6: Pedi

Fungua, toa ule mpira wenye vitufe. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cheusi cha kaboni. Futa kwa spiriti kidogo sana, ukisugua kwa nguvu kaboni inaondoka. Waya ulioliwa, kata, menya, unga rangi kwa rangi. Basi.

Hatua ya 7: Cheza, na ucheze na mtu

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina dunia 8, kila moja hatua 4, na wengi wetu hatukuwahi kufika ya mwisho kwa sababu tulirudishwa mwanzo kila maisha yalipoisha. Kumbe ukishakufa kabisa, kwenye ukurasa wa mwanzo unashikilia A na kubonyeza Start, unaanzia dunia uliyofia. Nilipojua nilikuwa na mtoto wa darasa la tatu. Nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa Kontra, kwenye ukurasa wa mwanzo: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiwa peke yako malizia na Start, mkiwa wawili bonyeza Select kwanza. Utapata maisha 30 badala ya 3.

Lakini fika hatua ya tatu, ya maporomoko ya maji, mkiwa wawili. Pale mnapanda kwenda juu, na kioo kinamfuata aliye mbele. Mwenzako akiwa na pupa, anaruka, kioo kinapanda, wewe uliye chini unapotea na kufa bila kuguswa na adui yeyote. Kaka yangu alikuwa ananiua hivyo kila jioni, halafu ananiambia nimechelewa.

Jioni ile nilimwekea mteja wangu mashine yake kwenye TV ya chogo, nikashika pedi niliyounga waya. Hatua ya kwanza hakusema neno, vidole vilikuwa vinamtangulia. Tulipofika kwenye maporomoko aliruka mara mbili mfululizo, nikafa. "Umechelewa, fundi," akasema, na hakugeuka. Nje vijana walikuwa wanafunga meza zao, na boti ya kurudi kwao ilikuwa imeshaondoka. Akapiga simu nyumbani, pedi ikiwa mkono mmoja, akasema fundi bado hajamaliza.