Kabla ya kutoa pesa ya shaba: sumaku haitoshi

Sisi wa Lubumbashi tunajiona tumezaliwa tukiijua shaba. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na bomba la moshi la kiwanda tunaliona kabla hatujajua kusoma. Ndiyo maana tunaibiwa kirahisi.

Anza na rangi. Metali za mpito, yaani zile za katikati ya jedwali la elementi, kundi la 3 hadi la 12, karibu zote ni za kijivu au nyeupe kama fedha. Shaba na dhahabu ndizo zilizojitenga. Ukiona njano na si dhahabu, huenda shaba imechanganywa na zinki: usilipe bei ya shaba nyekundu.

Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, ya kupeleka zawadi ulaya, ishike kwanza. Jiwe la kweli ni baridi mkononi na zito, karibu mara 4 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Plastiki iliyochorwa mistari ya kijani ni nyepesi na hupata joto upesi.

Jiwe jeusi la kobalti, peleka maabara. Kobalti iliyokwisha kusafishwa kuwa metali huvutwa na sumaku, lakini jiwe lake halifanyi hivyo. Anayekuonyesha jiwe linarukia sumaku, uwezekano mkubwa anakuuzia chuma.

Sasa hiyo sumaku yenyewe. Hapo ndipo nilipolia.

Nilikuwa naongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Nikaenda kununua waya na sumaku mfukoni, niliyoitoa kwenye spika mbovu. Shuleni nilishika vizuri: chuma namba 26, kobalti 27, nikeli 28, wote watatu huvutwa. Shaba ni 29, jirani wa mlango, lakini elektroni zake 10 za d, zile ambazo zikiwa peke yake huleta usumaku, kila moja ina mwenzake, kwa hiyo sumaku haiitambui. Muuzaji akacheka: “Weka, yaya (kaka mkubwa), weka tu.” Nikaweka, haikunasa. Nikalipa mzunguko wa waya wa metre 100, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Fundi, mzee wa mtaani, aliuinua kwa mkono mmoja, akauinua tena. “Yaya, huu mwepesi.” Nikamjibu waya ni waya, afanye kazi. Akanyamaza, akafanya.

Wiki chache baadaye, siku ya mvua, makala, yaani makaa, yalikuwa yamelowa, mama watoto akachemsha maji ya bukari, yaani ugali, kwenye jiko la umeme. “Baba Mapasa, kuna kitu kinanuka.” Nilizima umeme, nikafungua soketi. Plastiki ilikuwa kahawia kama mkate ulioungua, skrubu imelegea, ncha ya waya nyeusi. Nikakata kipande kwa koleo, nikakitazama kwenye jua: ukingoni wekundu mwembamba kama karatasi, ndani kweupe kama sufuria. Alumini iliyovishwa shaba.

Alumini hata si metali ya mpito, iko kundi la 13, na sumaku haina habari nayo vilevile. Kipimo changu kilikuwa kinakamata chuma peke yake. Mwizi wangu hakutumia chuma. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo kwa unene uleule hupata joto zaidi, na penye skrubu hutanuka na kusinyaa mpaka inalegea. Pale ndipo moto huanzia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa: omba ukate ncha. Akikataa, ondoka, usibishane. Kwangua kwa kisu mpaka ndani kabisa, si juu juu. Kisha pima kwa mizani. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ni gramu 8.96, ya alumini ni 2.70. Metre 100 za waya wa milimita mraba 2.5 zinabeba shaba ya kilo 2.24, bado ganda. Wangu wote na ganda lake haukufika hapo. Mzee alikuwa na mizani kwenye bega lake, mimi nilikuwa na diploma.

Mengine kwa haraka. Usichome ganda la waya ili uone ndani, moshi ule ni sumu. Pima mwanzo na mwisho wa mzunguko, wengine huficha shaba ya kweli kwenye ncha ya nje. Dai karatasi yenye jina la duka, maana niliporudi kudai changu nilikuta meza imehama na jirani yake hamjui mtu. Waya mzito unaouzwa jioni kwa bei ya huruma usiuguse kabisa, umekatwa kwenye nguzo ya mtu. Na fundi mzee akisema kitu ni chepesi, muulize amemaanisha nini.