Somo: Kunakili rekodi za Gloriosa superba kutoka kwenye lebo za herbaria

Hamjambo wanakikundi. Leo tunashika ua moja, lile jekundu lenye kingo za manjano linaloparamia vichaka. Vielelezo vinavyotuhusu vimo Herbaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kuwekewa lebo, pale Makumbusho ya Taifa Nairobi. Herbaria hiyo ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia huku 1950.

Hatua ya 1. Tazama mmea kabla ya lebo. Rangi usiitegemee, kwa kuwa ua likikauka huwa kahawia. Angalia ncha ya jani: imejikunja kama kikono cha mboga ya kutambaa, na ndiyo mmea hutumia kujishikiza. Kisha kijiti cha katikati ya ua, kimepinda ubavuni kama kiwiko.

Hatua ya 2. Nakili lebo herufi kwa herufi, makosa yakiwemo: mkusanyaji, namba yake, tarehe, mahali, mwinuko. Ukikuta 3.vi.48, hiyo vi ni Juni. Futi 5,500 ziandike hivyo hivyo, halafu safu ya pembeni uweke mita 1,676.

Hatua ya 3. Jina. Lebo nyingi za zamani husema Gloriosa simplex au Gloriosa virescens. Msifute, tafadhali. Jina linalotumika sasa lina safu yake.

Hatua ya 4. Mahali, na hapa ndipo tunapoharibu kazi. Lebo ikisema “Nairobi” tu, usichomeke alama ya ramani katikati ya jiji ukaondoka, maana atakayesoma ataamini ua liliota Moi Avenue. Andika kando kwamba nukta ni ya makadirio, na eneo la shaka lina kilomita ngapi. Mimi niliwahi kuacha safu hiyo wazi kwenye rekodi kadhaa, ikabidi nizirudie zote.

MASWALI

Mwalimu, nimekuta karatasi mbili, mkusanyaji mmoja na namba moja. Nifute moja?
Hapana, ndugu yangu. Ni nakala za mkusanyo mmoja; mara nyingi moja hubaki na nyingine hupelekwa herbaria nyingine, kama ile ya Kew, Uingereza. Ingiza zote, uziunganishe kwa namba. Ukihesabu, ni tukio moja.

Naweza kuchuma ua langu msitu wa Karura, hapa Nairobi, nilinganishe?
Bila kibali, usichume. Piga picha ya jani na ua kwa karibu. Na kiazi chake msikichezee, hasa mkiwa na watoto: kina kolchisini, sumu inayoua.

Lebo haina tarehe kabisa. Nikisie?
Acha wazi. Ila ukijua mkusanyaji alikuwa Kenya miaka gani, iandike kwenye maelezo, si kwenye safu ya tarehe.