Kuketi na Kupumua: Namna ya Kuanza Tafakuri ya Mashariki Ukiwa Goma

Wengi wanaojaribu tafakuri huanzia mwishoni. Wanatafuta mwanga, ndoto, "jicho la tatu", na majuma mawili yakipita bila kuona kitu wanaacha. Mafundisho yenyewe yana mpango mwingine. Katika yoga ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, hatua ni nane: mbili za kwanza ni mwenendo wa mtu na nidhamu yake, ya tatu ni mkao, ya nne ni pumzi, na tafakuri yenyewe inakuja ya saba. Buddha naye aliwapa wafuasi wanaoishi majumbani kanuni tano: usiue, usichukue usichopewa, usizini, usiseme uongo, usitumie vileo vinavyopoteza akili.

Kanuni hizo zina kazi. Mtu aliyemdanganya mteja mchana kule Birere, akiketi kimya usiku atakutana na uso wa yule mteja kabla hajafikisha pumzi ya tatu. Kwa hiyo anza hapo. Shika kanuni moja kwa juma moja, usizibebe zote tano kwa mkupuo. Uongo ndio wa kuanza nao, maana unatokea kila saa: "niko njiani" ya kwenye telefone, nawe bado unatafuta sabuni. Kila jioni hesabu mara ngapi umesema jambo usilo na hakika nalo. Usijihukumu, hesabu tu. Kasiksi na bia ziache angalau jioni ya kuamkia siku utakayoketi. Kichwa chenye uchovu wa pombe hakishiki pumzi.

Mahali pa kuketi

Hili Goma lina uzito kuliko miji mingine, kwa sababu ya mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hujikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa upande wa magharibi wa mji kandokando ya ziwa kuelekea Sake. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndipo inapokuwa mbaya zaidi. Sasa fikiria mwanafunzi wa tafakuri: anaamka alfajiri, anatafuta bonde tulivu karibu na maji, anakaa chini. Hakuna mpango wa hatari kuushinda huo. Ukiona mahali wadudu, mijusi au ndege wamekufa bila sababu, au majani yamekauka sehemu moja tu, ondoka. Ketia nyumbani, kwenye sakafu iliyoinuka, dirisha likiwa wazi kidogo.

Mbabula ya makala isiwe ndani ya chumba hicho, hata kama baridi ya asubuhi inauma. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, na kichwa kinachouma baada ya kuketi kando yake ni sumu, si roho inayokujia. Ubani si lazima. Na ardhi ikitetemeka, toka nje. Hakuna ukomavu wowote katika kukaa chini ya ukuta unaopasuka.

Kimya kamili usikisubiri. Kesha za maombi zina vipaza sauti, jirani ana grupu ya umeme, na pikipiki zinaanza mapema. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, basi saa kumi na moja ndiyo nafasi nzuri kwa watu wengi. Kelele ikija, itambue kuwa ni sauti, usiitungie hadithi ya nani anapiga na kwa nini.

Mkao

Makalio yawe juu kuliko magoti. Hilo likikosekana, kiuno kinajikunja nyuma, mgongo unauma dakika ya tano, na mwanafunzi anadhani hana kipaji. Kunja blanketi mpaka ifike sentimita 10 hadi 15, uifunge ndani ya kikwembe isitawanyike. Mto wa sufi ulioshindiliwa vizuri ni bora zaidi, wa sponji unabonyea. Keti kwenye theluthi ya mbele ya mto, kunja miguu mbele yako, magoti yaguse chini. Yasipogusa, weka nguo chini yake. Wengine wanapiga magoti na kuketi juu ya kile kiti kidogo cha mbao anachokalia mama akipika, nyayo zikipita pembeni. Kwa magoti magumu hiyo ni njia nzuri sana. Kiti cha kawaida nacho kinafaa, mradi usiegemee na nyayo zote mbili zikae sakafuni.

Nyoosha mgongo bila kuukaza, vuta kidevu ndani kidogo. Kwa mtindo wa Zen, tawi la Ubuddha wa Japani, mkono wa kushoto hulala juu ya kiganja cha kulia, gumba likigusa gumba kwa wepesi. Gumba zikiachana, umesinzia, zikisukumana, umekaza. Macho yawe nusu wazi, yakitazama sakafu kama mita moja mbele.

Mguu ukifa ganzi, si hatari, sogea polepole. Lakini usisimame kabla hisia haijarudi, maana watu huanguka. Maumivu makali ndani ya goti ni jambo lingine: badilisha mkao papo hapo. Kuvumilia goti linalochanika hakumwongezei mtu hekima.

Pumzi

Dakika 10, mara moja kwa siku, kwa majuma mawili. Kisha 15 kwa mwezi, halafu 20. Weka telefone kwenye hali ya ndegeni na kengele laini. Saa nzima siku ya kwanza ni kosa la kawaida, na siku ya pili mtu haketi tena.

Pumua kwa pua, pumzi ije yenyewe. Ikitoka, hesabu moja moyoni. Ikitoka tena, mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Ukijikuta kumi na saba, au ukijikuta umeshajenga nyumba na kumwoza binti, rudi moja bila kujikaripia. Kule kugundua kwamba umepotea ndiyo mazoezi yenyewe. Aliyerudi mara hamsini amefanya kazi kuliko aliyesinzia kwa utulivu.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuiendesha pumzi. Ukivuta kwa nguvu na haraka unatoa kaboni dioksidi nyingi mwilini, ndipo vidole na midomo vinachomachoma na kichwa kinazunguka. Baadhi ya wahubiri wa mitandaoni huita hali hiyo kuamka kwa nguvu za kiroho. Ni damu iliyobadilika tu. Fungua macho, acha pumzi itoke taratibu, subiri.

Hesabu ikishatulia, baada ya mwezi au miwili, iache, ufuate pumzi yenyewe. Buddha aliipanga kazi hii katika hatua 16, makundi manne ya nne nne: mwili, hisia, moyo, na mambo yalivyo. Nne za kwanza zinatosha kwa muda mrefu: kujua pumzi ndefu kuwa ni ndefu, kujua fupi kuwa ni fupi, kuuhisi mwili wote ukipumua, na kuuacha mwili utulie. Anayeruka hadi kundi la nne anaishia kufikiri juu ya falsafa huku amefumba macho.

Vikwazo

Vinatajwa vitano: tamaa, chuki, uzito na usingizi, wasiwasi na majuto, na shaka. Kila kimoja kina dawa yake, lakini usingizi ndio unaowashinda watu wengi, hasa walioketi baada ya bugali na sombe. Subiri saa mbili baada ya chakula. Buddha alimpa mwanafunzi wake Moggallana, aliyekuwa akisinzia, mlolongo mzima: badilisha unachokizingatia, kumbuka fundisho, likariri kwa sauti, vuta masikio na kusugua viungo, simama, osha macho kwa maji na utazame nyota, waza mwanga, tembea. Vyote vikishindikana, akasema, lala kwa ubavu wa kulia ukiwa na nia ya kuamka. Ushauri huo wa mwisho tunaupenda, kwa sababu mara nyingi mtu hana kikwazo chochote cha kiroho, ana deni la usingizi tu.

Wasiwasi una dawa ya miguu. Tembea hatua kumi ndani ya parseli, geuka, rudi, ukihisi kisigino, wayo, vidole. Vaa viatu, mawe ya volkano hayamjui mtawa.

Hapa pana jambo la uzito. Katika mji huu wengi wamesikia risasi, wamekimbia, wamezika. Kwa mtu wa namna hiyo kufumba macho na kuingia ndani kunaweza kurudisha yale yote kwa nguvu: moyo unakimbia, jasho, picha zilezile. Huko si kushindwa, na usijilazimishe kukaa humo. Fungua macho, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, sukuma nyayo sakafuni, shika kitu baridi. Fanya mazoezi ya kutembea badala ya kuketi, dakika 5, pamoja na mtu unayemwamini. Hali ikiendelea, au usingizi ukikatika usiku baada ya usiku, tafuta mtu wa afya ya akili. Tafakuri haichukui nafasi yake.

Kuwatakia wengine mema

Baada ya mwezi wa pumzi, ongeza dakika 5 za metta, yaani kuwatakia watu mema kimoyomoyo. Mpangilio wa jadi ni huu: wewe mwenyewe, mtu aliyekutendea mema, rafiki, mtu usiyempenda wala kumchukia, kisha adui. Maneno yawe yako na yawe mafupi: "Niwe salama. Niwe na amani. Nisichukie." Halafu: "Awe salama. Awe na amani." Ukijiona huwezi kujitakia mema, anza na bibi yako au mtoto mdogo. Mtu wa nne apewe muda mrefu. Mwenye kuuza vocha pale njiapanda anafaa kabisa. Usimlete aliyeichoma nyumba yenu katika juma la pili. Na kumwondolea mtu chuki moyoni hakukuzuii kudai haki yako.

Dini yako

Swali linalokuja haraka katika familia za hapa: je, si uchawi, si kuabudu miungu? Kuhesabu pumzi hakuhitaji kuiita roho yoyote, wala sanamu, wala kiapo. Padri Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle, Mjerumani aliyejeruhiwa Hiroshima mwaka 1945, alifanya Zen na kuifundisha kwa miaka mingi huku akibaki padri mpaka kifo chake mwaka 1990. Tofauti za imani zipo kweli, juu ya Mungu na juu ya kuzaliwa upya, na si vyema kuzifunika. Mwambie mzee wa nyumbani waziwazi unachofanya. Kujificha chumbani alfajiri ndiko kunakozaa maneno.

Kupima maendeleo

Usipime kwa ulichokiona ukiwa umeketi. Pima kwa muda unaopita kati ya kutukanwa na kujibu. Motari akikukata njia, unamalizia hasira yako lini: palepale, au bado unaisimulia jioni? Waulize wa nyumbani mwako baada ya miezi mitatu, wao ndio wenye jibu.

Ukikosa siku moja, keti kesho kwa dakika zilezile, usilipe deni kwa kuketi mara mbili. Kozi za siku 10 za mtindo wa S. N. Goenka, mwalimu wa tafakuri ya vipassana, zina takriban saa 10 za tafakuri kila siku. Zisubiri mpaka dakika 30 ziwe za kawaida kwako. Hizo hazilipishwi, zinaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kumaliza. Kwa hiyo mtu akikuandikia WhatsApp akitaka dola 50 ili akufungulie jicho la tatu, mfute.