Majina kwanza, makala baadaye

Ukitaka kuandika makala ya jarida la tiba kutoka wodi yako hapa Kigoma, kaeni kikao cha kupanga majina ya waandishi kabla hamjafungua rejista hata moja. Makala ikishakamilika, wakubwa huongezeka na wauguzi husahaulika. Mimi ni mtu wa maabara, wa kusoma slaidi za malaria usiku, na jambo hili linaniuma.

Mwongozo ni ule wa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE. Mwandishi hutimiza mambo manne yote: amechangia kwa uzito kubuni utafiti, au kukusanya au kuchambua takwimu, ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, ameridhia nakala ya mwisho, amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kuwa mganga mfawidhi hakutoshi, wala kutafuta fedha peke yake. Hao washukuruni mwishoni, kwa idhini yao. Lakini muuguzi aliyechangia kweli takwimu msimnyime rasimu, kisha mkasema hakushiriki kuandika. Mpeni aisome, mpeni na muda, kwani ICMJE yenyewe inataka apewe nafasi hiyo.

Kisa cha mgonjwa mmoja kinahitaji uangalifu zaidi. Kufuta jina hakusaidii kitu. Andika "mvuvi wa Ujiji, miaka 54, aliyekatwa mguu" uone kama kuna mtu pale mwaloni asiyemjua. Ondoa umri kamili, kazi na mtaa kama havibadilishi maana ya kitabibu, wala usibuni vingine badala yake. Kisha mrudie na fomu ya ridhaa ya Kiswahili, umsomee ulichoandika. Kama Kiha ndicho kinachomwingia vizuri, tafuta wa kumweleza kwa Kiha. Akikataa, kisa kibaki kwenye faili.

Kibali cha maadili hutangulia utafiti. Jaribio la dawa husajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Taja mfadhili, na hata posho ya semina uliyopewa na kampuni ya dawa.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Linalokuahidi kukubaliwa ndani ya siku tatu liache. Hakuna aliyeisoma kazi yako. Angalia kama limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, na ada ya kuchapisha ikikushinda, omba msamaha wa ada wakati uleule unapotuma makala.